Vyuo vyetu, ijibuni Philadelphia

Mhariri,

Nina steshenari ndogo hapa Majengo, Moshi. Wateja wangu wengi wa jioni ni madaktari vijana waliomaliza mwaka wa utarajali na sasa wanatafuta nafasi ya kusomea ubingwa nje. Sikusomea udaktari, ila masharti yao nimeyakariri kwa kuyachapa. Naandika kwa sababu vyuo vyetu vinachelewa kuthibitisha vyeti vyao.

Anayekwenda Uingereza kwa PLAB, mtihani wa madaktari waliosoma nje ya nchi hiyo, huanza na mtihani wa Kiingereza: IELTS, wastani wa 7.5, na kusiwe na kipengele kilicho chini ya 7. Kisha sehemu ya kwanza ya PLAB, maswali 180 kwa saa 3. Sehemu ya pili hufanyika Manchester tu, vituo 16 vya dakika 8 kila kimoja, wagonjwa wenyewe ni wa kuigiza. Hayo vijana wanayabukua usiku na mchana, na wanafaulu.

Wanakwama hapa hapa nyumbani. Waingereza wanataka cheti cha digrii kihakikiwe kwanza, nacho hupakiwa kwenye EPIC, mfumo wa mtandaoni wa kuhakiki vyeti vya madaktari, unaoendeshwa na taasisi ya ECFMG ya Philadelphia, Marekani. Wale hawamuulizi mwenye cheti. Wanakiuliza chuo: huyu mlimfundisha ninyi? Jibu ni ndiyo, basi. Kwa binti mmoja mteja wangu, hiyo “ndiyo” moja ilichukua miezi 5.

Alikwenda chuoni kwake mara 4. Kwanza akaambiwa mhusika yuko likizo. Mara ya pili, mhusika kahamishwa. Mara ya tatu ikagundulika kwamba maombi yote yalikuwa yakiingia kwenye barua pepe ya huyo aliyehamishwa, na nenosiri kaondoka nalo. Mara ya nne hakunisimulia. Alikaa tu kwenye stuli yangu akikunja na kukunjua bahasha ya kaki. Barua ya mwenendo mwema ya Baraza la Madaktari Tanganyika ilikuwa imeshamwishia muda, maana Waingereza hawaipokei ikipita miezi 3. Akaanza kuomba upya, fomu nikamchapia upya. Mimi nanufaika, sikatai, lakini pesa ya namna hiyo haina raha.

(Na sisi wazazi wa Kilimanjaro tujikague. Cheti cha kuzaliwa Masawe, cha kidato cha nne Massawe, pasipoti Masawe tena. Herufi moja hiyo inampeleka mtoto kwa wakili kula kiapo.)

Najua wapo watakaosema afadhali wakwame, maana wanatoroka nchi. Wengine wanatoroka kweli. Lakini upo mpango wa Uingereza uitwao MTI, unaompokea daktari wa nje ajifunze kwa miezi isiyozidi 24 kisha arudi kwao. Naye cheti chake kinapita Philadelphia vilevile. Anayetaka kurudi na ujuzi tunambania mlango uleule tunaombania anayetoroka.

Ninachoomba hakihitaji bajeti. Kila chuo cha udaktari kiwe na barua pepe ya ofisi, si ya mtu, kwa ajili ya uthibitisho wa vyeti. Wawepo wawili wenye nenosiri, na mmoja akienda likizo mwingine awe mezani. Na mlangoni kibandikwe kikaratasi chenye majina yao na idadi ya siku za kusubiri jibu. Hicho kikaratasi nitakichapa bure.

Mama wa Steshenari,
Majengo, Moshi