Nassor hawezi kufika Maskati mwezi wa Januari

Sahibu yangu,

Assalaam alaykum. Rasimu ya riwaya yako nimeisoma yote. Nassor ni kijana wa kweli, na dada yake Zuhura aliyebaki Unguja ni wa kweli kumshinda yeye. Kinachowaangusha ni kalenda. Ukiinyoosha hiyo, zile hotuba zao ndefu kuhusu kuishi baina ya tamaduni mbili utazifuta bila majuto, maana msomaji atajionea mwenyewe.

Tuanze na jahazi. Umemtorosha siku ya tatu ya Mapinduzi, likatweka tanga moja kwa moja hadi Maskati, Omani. Haliendi. Januari ni kaskazi, na upepo unatoka huko huko anakokwenda. Majahazi ya Uarabuni huingia Unguja na kaskazi, yakangoja kusi, Aprili hivi, ndipo yarudi. Mvushe na mjomba wake usiku kwa mashua hadi Bara, mengine yatajipa. Halafu tazama tarehe: 12 Januari 1964, siku ya Mapinduzi yenyewe, ilikuwa Jumapili, mwisho mwisho wa Shaaban. Mwezi wa Ramadhani uliandama siku chache tu baadaye, na wewe hukuutaja hata mara moja! Futari ya kwanza ya Zuhura na mama yake, baba hayupo na hakuna anayethubutu kuuliza yuko wapi, iandikie kurasa tatu nzima. Mlio wa risasi umeshaandikwa sana.

Kosa kubwa zaidi ni Maskati yako ya 1965, yenye lami, taa na skuli kila mtaa. Wakati huo alitawala Sultan Said bin Taimur. Malango ya mji yalifungwa saa chache baada ya magharibi, na atembeaye baada ya hapo alitakiwa ashike fanusi. Hadi 1970 nchi nzima ilikuwa na skuli tatu za serikali, zote za wavulana. Waliotoka Zanzibar hawakufunguliwa milango kwa wingi mpaka mwanawe, Qaboos, aliposhika utawala tarehe 23 Julai 1970 na kuwaita Waomani waliotawanyika warudi.

Kwa hiyo Nassor ana miaka sita na zaidi ya kuiishi mahali pengine, na hapo ndipo penye riwaya. Ukimpeleka Cairo atajua Kiarabu, na nusu ya hadithi yako imekufa. Ukimpeleka Dubai, usiandike "Emirates", yaani Falme za Kiarabu, mwaka 1967, kwani muungano huo ulizaliwa Desemba 1971. Mimi ningemwacha Mombasa. Mpunguzie umri awe na miaka 11 anapotoka Unguja. Akifika Maskati 1971 ana 18, Kiingereza anacho, Kiswahili ndicho anachoota nacho, na Kiarabu chake ni cha chuoni tu, cha kusoma Kurani. Kiingereza hicho kitampa kazi ofisini haraka, mbele ya vijana waliozaliwa pale pale, na chuki itaanzia hapo. Huna haja ya kumtafutia adui mwingine.

Karatasi za uraia nazo zina mchezo wake. Atahitaji sheikh wa kabila lake amshuhudie kwamba ni wao. Ataulizwa babu yake alitoka kijiji gani. Unguja uarabu wake ulikuwa hatari. Huku anatakiwa authibitishe, na akigeuka tu anaitwa Mzinjibari.

Sura ya msikitini usiipambe. Ukoo wake ni wa madhehebu ya Kiibadhi, lakini amekulia Mombasa akiswali na Mashafii. Imamu anamaliza Fatiha, Nassor anaitika "Amin" kwa sauti, na msikiti mzima kimya. Amefunga mikono kifuani, wenziwe wote wameiachia ubavuni. Mtu wa kando anaitazama ile mikono, basi. Asikemewe na mtu, na wewe usitie hata sentensi moja ya kueleza.

Sasa Zuhura. Umempa sura tatu, kaka yake tisa, na hizo tatu anangoja barua. Mwanamke huyu yuko baina ya dunia mbili bila kupanda chombo chochote. Hospitali anayoijua imeitwa V. I. Lenin, skuli imepewa jina la Lumumba, Wajerumani wa Mashariki wanajenga nyumba za ghorofa, daktari ni Mchina, na bibi yake bado anamchagulia mume kwa kuuliza ukoo. Mtie kwenye foleni ya mchele, sukari na unga mwanzoni mwa miaka ya 1970. Barua zao ziandikwe na watu wanaoogopa kwamba zitafunguliwa: habari za mvua, za embe, za afya ya bibi. Yenye uzito yabebwe kwa mdomo na wasafiri. Na Aprili 1972, Karume anapouawa, Nassor asijue chochote kwa dada yake. Asikie redioni.

Moja la kukukera: Unguja yako ya kabla ya 1964 ni pepo, na haikuwa. Uchaguzi wa Julai 1963 ASP, chama cha Afro-Shirazi, ilipata zaidi ya nusu ya kura, ikaambulia viti 13 kati ya 31. Yule jirani wa Ng'ambo aliyepewa eka tatu na serikali ya Mapinduzi, uliyemchora kama mwizi, mpe ukurasa afurahie shamba lake kwa dhati, kisha mkutanishe na Zuhura foleni ile ile ya mchele. Hapo wote wawili watakuwa na la kusema, na hakuna atakayekuwa anahubiri.

Lahaja usiwape wahariri waisafishe, na faharasa ya maneno ya Kiarabu itoe yote. Nassor haelewi, msomaji naye akwame kidogo pamoja naye.

Sura ya nne iache kama ilivyo. Ya tano hadi ya nane nitumie ukishazipanga upya, na pembeni ya kila sura uandike mwezi, mwaka na umri wa kila mmoja wao.

Wasalimie nyumbani.

Sahibu yako