Barua kwa wadogo zangu mnaokaribia kustaafu Nairobi

Wadogo zangu wa chama,

Nawasalimu kwa upendo. Kila tukikaa kikao nawasikia mkihesabu miaka iliyobaki, na karibu kila mmoja humalizia vilevile: nikistaafu nitarudi nyumbani nipumzike. Nyumbani ni ushago. Hapa mlipozalia na kusomeshea watoto mnapaita mahali pa kazi tu. Jambo hilo linanisumbua, kwa sababu mtu aliyeahirisha kuridhika tangu ujana hataletewa kuridhika huko siku anapokabidhi funguo za ofisi.

Mazoea haya hatukuyaanzisha sisi. Wakoloni waliutaka mji huu uwe wa kibarua, wala hawakumfikiria mzee. Kuanzia 1920 mwanaume Mwafrika alivalishwa kipande shingoni, ndani mkiwa na rekodi ya kazi yake na mwajiri wake. Wengi walibanana vyumbani, wake na watoto wakabaki mashambani, na nguvu zilipomwishia mtu alitarajiwa aondoke. Baba zetu walishurutishwa. Sisi tumepata uhuru tangu 1963, na bado tunaishi kama watu wanaosubiri gari.

Tazameni wazee wa Pumwani, mtaa wa zamani wa Waafrika hapa mjini, au Wanubi wa Kibra, wazao wa askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza, ambao mwaka 2017 walipata hatimiliki ya ekari 288 baada ya kuipigania kwa vizazi. Sidai maisha yao ni mepesi. Lakini wamezeekea hapa, na mzee wa huko asipoonekana msikitini au barazani, mtu anatumwa akamjulie hali. Nyinyi mkikosa kuonekana siku tatu mtaani mnakoishi, ni nani atabisha mlango?

Swali hili nawauliza hasa wanaume. Dada zetu wana vyama vyao, wana jumuiya kanisani, wanamjua mama mboga na wajukuu wake. Mwanaume wa Nairobi ana wenzake wa kazini, na wale hupotea mwezi ule ule barua ya kustaafu inapofika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard wamefuatilia maisha ya watu tangu 1938, na jambo wanalolirudia ni kwamba uhusiano mwema na watu una uzito mkubwa katika afya na furaha ya uzeeni. Basi anzeni sasa, kabla ya ile miaka 60 ya kustaafu. Jueni majina ya majirani wa ploti. Nendeni kwenye matanga ya mtu ambaye hamna faida naye. Mkiwa na ufundi, mfundisheni kijana mmoja wa mtaani bila kumlipisha. Hakuna kinachomfanya mzee ajione bado ana kazi duniani kama kijana anayemsubiri kila Jumamosi.

Fedha sitazipuuza. Ile shilingi 2,000 kwa mwezi ya Inua Jamii, msaada wa serikali unaowalenga waliotimiza miaka 70, haiwezi kulipa kodi ya nyumba hapa. Lipeni madeni mapema, na mkupuo wa pensheni msiumalize kwa kujenga nyumba ya vyumba vinane ushago ili rika lenu lione. Nimezitembelea nyumba hizo. Vyumba vimefungwa, wenye nyumba wawili wanakaa jikoni, na watoto huja Desemba kwa siku chache. Mnajilinganisha na nani? Yule mliyesoma naye aliyefanikiwa kuwapita naye ana mtu anayemtazama kwa wivu, na hajatulia.

Huzuni itakuja pia, msidanganyike. Magoti yatauma, tutazikana. Mimi nimewazika wengi niliowapenda, na bado kuna asubuhi ninapoamka nikiwa na shukrani. Mambo hayo mawili hukaa pamoja moyoni vizuri kuliko nilivyodhani nikiwa na umri wenu.

Wala simzuii mtu kwenda ushago. Anayependa huko aende. Ila kwanza chukua likizo, ukakae huko mwezi mzima wakati wa masika, si Krismasi wakati kila mtu yuko. Uone nani anakuja kukusalimia bila kuomba kitu, hospitali iko umbali gani, na jioni unazungumza na nani. Mke au mume wako naye aulizwe peke yake, usimjibie. Kisha tuletee habari kikaoni, tukusaidie kupanga.

Mzee wenu,
Jericho, Nairobi