Ripoti ya maabara baada ya upasuaji wa saratani ya mirija ya nyongo

Mhariri,

Taarifa yenu kuhusu upasuaji wa saratani ya mirija ya nyongo ilitilia mkazo ukubwa wa uvimbe, ilhali kinachoathiri zaidi uhai wa mgonjwa baadaye ni iwapo kingo za sehemu iliyokatwa hazina seli za saratani, na iwapo ugonjwa umefika kwenye tezi za limfu (tezi ndogo za mfumo wa kinga ya mwili). Hayo huthibitishwa kwa hadubini. Tezi zikichunguzwa chini ya 6, kusema kwamba ziko salama hakuna uzito.

Napendekeza hospitali zimkabidhi kila mgonjwa ripoti inayotaja hali ya kingo na idadi ya tezi zilizochunguzwa, kwani bila hiyo ni vigumu kujadili kwa dhati tiba ya kemikali baada ya upasuaji, kama vile vidonge vya kapesitabini kwa miezi 6.

Msomaji wenu