Barua kwa mwanangu aliyeko Albany

Mwanangu,

Huku hatujambo, joto tu ndilo linatukera. Uliniuliza kwenye simu huyo Henry Johnson, mwenye jina la barabara unayopandia basi, alikuwa nani. Nimesoma, nami nakujibu kwa kirefu kidogo, maana habari zake zimeninyima usingizi.

Alikuwa mchukuzi wa mizigo kwenye stesheni ya reli hapo hapo Albany, mtu mfupi, mzaliwa wa North Carolina. Mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, alijiandikisha katika kikosi cha Weusi cha New York, kilichokuja kuitwa Rejimenti ya 369. Wakubwa wa jeshi la Marekani hawakutaka Weusi wapigane bega kwa bega na askari wao weupe, wakawakabidhi kwa Wafaransa. Wakavaa kofia za chuma za Kifaransa, wakapewa na bunduki za Kifaransa.

Usiku wa kuamkia 15 Mei 1918 alikuwa lindoni ukingoni mwa msitu wa Argonne, huko Ufaransa, pamoja na Needham Roberts, kijana wa New Jersey. Wakasikia waya wa miiba unakatwa gizani. Roberts alijeruhiwa mapema, akawa anampa mwenzake maguruneti huku amelala chini. Maguruneti yalipokwisha, Johnson akashika bunduki. Katika ile haraka akaingiza risasi za Kimarekani kwenye bunduki ya Kifaransa, ikakwama. Akaigeuza rungu, akawatwanga nayo mpaka kitako kikapasuka. Kugeuka, anaona Wajerumani wanamchukua Roberts mzobemzobe wakamfanye mateka. Akachomoa bolo, lile panga fupi zito, akawaingilia. Wakamwacha Roberts, wakakimbia. Johnson alikutwa na majeraha 21.

Wafaransa hawakuchelewa. Walimpa nishani ya Croix de Guerre, yeye na Roberts, miongoni mwa Wamarekani wa kwanza kuipata katika vita ile. Februari 1919 rejimenti ilifanya gwaride Fifth Avenue, jijini New York, umati ukamshangilia. Jeshi lenyewe lilitumia sura yake kuvuta vijana waandikishwe na kuuza stempu za kuchangia vita.

Sasa sikiliza. Karatasi zake za kuachishwa jeshi hazikutaja jeraha hata moja! Hapo nilivua miwani, mwanangu. Mimi nimefanya kazi masjala mpaka nikastaafu, na najua faili hupoteaje. Kuna linalopotea kwa uzembe na kuna linalopotea kwa sababu hakuna anayetaka lionekane. Watu husema alisahauliwa. Sikubali. Mtu ambaye sura yake inauza stempu amesahauliwa na nani? Walimjua vizuri, ila kumwandika ndiko kulikowashinda.

Alifariki Julai 1929, bado kijana. Kwa miaka mingi waliomtafuta waliamini alizikwa kifukara huko Albany, kumbe kaburi lake liko Arlington, makaburi ya heshima ya taifa. Nalo lilikuja kutambuliwa baada ya zaidi ya miaka 70. Serikali yake ilimpa Purple Heart, nishani ya waliojeruhiwa vitani, mwaka 1996. Nishani ya Heshima, iliyo kubwa kuliko zote, ilibidi kwanza Bunge liondoe kikomo cha muda, na ofisi ya Seneta Chuck Schumer ichimbue ujumbe wa Jenerali Pershing, mkuu wa majeshi ya Marekani huko Ufaransa, wa mwaka ule ule wa 1918 uliosimulia ushujaa wake. Karatasi ilikuwepo siku zote. Obama aliitoa tarehe 2 Juni 2015, ikapokelewa na mwanajeshi wa New York kwa niaba yake.

Kuna mzee aliyeamini kuwa Johnson ni baba yake, akalipigania jina hilo miaka na miaka. Baadaye uchunguzi ukasema hawana undugu wa damu. Kwangu mimi mtoto ni huyo huyo.

Hata sasa hawajamaliza naye. Mwaka 2023 kambi kubwa ya jeshi ya Louisiana ilipewa jina lake, na 2025 wakalifuta. Ila na sisi tusijisifu: ile sanamu yetu ya Askari pale barabara ya Samora, Dar es Salaam, ni ya vita ile ile, naye kasimama pale tangu 1927 bila jina.

Sanamu ya Johnson iko Washington Park. Ukipata nafasi ipige picha unitumie, pamoja na maandishi yote ya chini, yasomeke. Mama yako anauliza kama lile koti la baridi linakutosha.

Baba yako