Mdogo wangu, Baba alikuwa mgema

Mdogo wangu,

Simu hupokei. Ujumbe unausoma na hujibu, zile alama mbili za buluu naziona. Huu ni mwezi wa tano tangu tumzike Baba. Wifi aliwahi kuniambia kwamba ukitoka kazini usiku unapitia ninayoandika hapa, basi nimeamua kukuandikia hapa hapa. Wengine watakaosoma waniwie radhi, haya ni ya nyumbani.

Umenikasirikia kwa neno moja. Usiku wa kuamkia mazishi uliniandikia: "Kwenye wasifu andika mkulima." Ujumbe ulinikuta uani saa saba usiku, akina mama wanachambua mchele, macho yamenivimba. Sikukujibu. Kesho yake msomaji akasimama akasoma kwamba marehemu alikuwa mgema wa minazi, kazi aliyoifanya miaka 41, na kwa kazi hiyo akasomesha watoto wawili. Ulikuwa ukifuatilia kwa simu ya binamu yetu, na aliniambia ulikata pale pale. Kwa hiyo hukumwona yule mzee wa Kaole aliyegema naye ujanani, alivyoinuka pale nyuma akasimama peke yake mpaka wasifu ukaisha. Ungemwona, labda leo tungekuwa tunaongea.

Sikukosea, mdogo wangu. Na sababu siyo ubishi wangu kama ulivyomwambia binamu. Sababu ni ile Jumamosi ya Ufaransa, nilipokuja kukutembelea.

Sijasahau ulivyonipokea. Ulinivua kile kikoi nilichojitanda ukanivalisha koti lako pale pale uwanja wa ndege, wewe ukabaki na shati huku mvua inanyesha. Ulinisongea ugali siku ya kwanza, ukakaa unanitazama nikila kama Mama alivyokuwa akitutazama. Binti yako alipopata komunyo ya kwanza, ulilia, na mimi nikalia. Sikatai hata moja katika hayo. Ndiyo maana la Jumamosi liliniuma.

Ulisema unataka kunionyesha kitu nitakachokipenda. Tukatoka Lyon kwenda kaskazini, vilima vya Beaujolais, mizabibu mifupi kama vichaka vya mchicha wa porini, kila mmoja umesimama peke yake bila waya. Nyumba ya mawe, mlango mdogo, ngazi za kushuka chini. Kule chini kulikuwa na ubaridi na giza, na kuta zimeota ukungu mweusi kama manyoya ya paka. Niliuliza kwa nini hawausafishi. Ukamuuliza mwenye shamba, akacheka, ukanitafsiria: ukungu ule unakaa na divai, haumsumbui mtu.

Ulikuwa mkalimani mzuri. Hilo nalisema kwa moyo wangu wote, kwa sababu ndiyo shida yenyewe. Kila alichosema yule mzee ulinipa kizima. Kwamba hamira ya dukani haiingii mlangoni kwake, ile inayokaa kwenye ganda la zabibu na kwenye kuta zile inatosha. Kwamba anatia vichala vizima pipani bila kuvipura, hewa inayotoka kwenye uchachu inajaa, na zabibu zinaanza kuchacha kila moja ndani ya ganda lake. Kwamba Ulaya wanaruhusu salfa, ile dawa ya kuzuia divai isiharibike, mpaka miligramu 150 kwa lita kwenye divai nyekundu ya kawaida, na walio na ile alama ya divai ya asili iliyokubaliwa Ufaransa mwaka 2020 hawatakiwi kupita 30, naye hatii kabisa. Akamtaja Jules Chauvet, mkemia wa huko huko kwao aliyefariki mwaka 1989, kwamba wao wote wanafuata njia aliyoifungua yeye. Akamtaja kama sisi tunavyomtaja marehemu babu, kwa sauti ya chini.

Halafu akatueleza habari za zabibu yenyewe, gamay. Mwaka 1395 Philippe, mtawala wa Burgundy, aliamuru mizabibu hiyo ing'olewe katika nchi yake, akaiita mibovu, isiyo na uaminifu. Ikadumu kusini, kwenye udongo wa mawe ya granaiti wa Beaujolais, na ndiko ilikostawi. Mzee alisimulia huku ameweka kiganja kifuani, vidole vyake vimeingia weusi wa zabibu usiotoka kwa sabuni. Mtu anajivunia mti uliofukuzwa. Mimi pale ndipo moyo uliponifunguka.

Kisha akatumiminia. Divai nyekundu, haikuchujwa, ina ukungu ndani yake, na ukiinua glasi kwenye balbu unaona chembe zinaelea. Watu wengine mle ndani walikuwa wakionja na kutema kwenye ndoo, jambo lililonishangaza, lakini ni desturi yao na wana sababu zao. Mimi sikutema. Nilipoisogeza puani, harufu ya kwanza niliyoipata haikuwa ya zabibu. Ilikuwa ya kibuyu cha Baba saa tisa alasiri, lile tembo la asubuhi lililokwisha kuanza ukali lakini utamu bado haujaliaga. Kwenye ulimi ikanichoma kidogo, vipovu vidogo vidogo. Nilifumba macho nikamwona anashuka mnazi wa nyuma ya choo, kibuyu kiunoni, kotama, kisu chake cha kugemea, mdomoni.

Nikakushika mkono. Nikakwambia, na nakumbuka maneno yangu yote: "Mwambie baba yetu ni mgema. Mwambie kitu hiki sisi tunakijua. Mwambie Baba naye hatii kitu, mnazi unadondosha wenyewe, kibuyu hakioshwi kwa sabuni, masimbi ya jana, yale mashapo ya chini, ndiyo yanayochachusha la leo."

Ukatabasamu. Ukamgeukia ukaongea naye, ukaongea kirefu tu. Nilikuwa namtazama yule mzee usoni nikisubiri uso ubadilike. Haukubadilika. Alitikisa kichwa kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa kwamba kesho kutanyesha, akaenda kuwamiminia wageni wengine. Nikasema moyoni, pengine Wafaransa ndivyo walivyo.

Ni binti yako aliyeniambia. Kwenye gari, wewe umeshuka kulipia zile chupa mbili, euro 22 kila moja, zaidi ya shilingi 60,000 kwa chupa. Akaniegemea akaniuliza kwa Kiswahili chake kile cha kuokoteza: "Shangazi, babu anafanya kazi ya bustani? Baba amesema babu anafanya bustani ya mapadre."

Bustani ya mapadre, mdogo wangu! Baba hajawahi kumwagilia hata ua moja pale Misheni ya Bagamoyo.

Ulirudi garini ukawasha redio. Sikusema neno mpaka Lyon, na sikusema mpaka naondoka. Hapo unaweza kunilaumu, ningesema siku ile ile lisingekaa mpaka likaoza. Lakini nilikuwa mgeni nyumbani kwako, na mtoto alikuwepo, na wifi alikuwa ametuandalia chakula. Mtu mzima anajua wakati wa kunyamaza.

Usidhani sijui lilikotoka. Nilikuwepo. Darasa la nne, mwalimu ameandika ubaoni "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," na darasa zima likageuka kukutazama. Ulirudi nyumbani na kola imechanika kwa kupigana. Tangu siku ile hukukubali tena kubeba kibuyu kupeleka kwa wateja, nikabeba mimi, msichana, napita mbele ya vijana wa stendi. Na Baba hakukulazimisha hata siku moja. Alisema tu kwamba aliyetunga methali ile hakuwahi kunywa la kwake. Na kweli, Baba hakulitia tembo maji. Waulize mpaka leo, Kaole nzima.

Jumapili ulikuwa mtumishi wa altare. Ulivyopendeza na kanzu yako nyeupe, umebeba vile vichupa viwili, cha divai na cha maji, mikono haitetemeki! Padre alitufundisha kwamba sheria ya Kanisa inataka divai ya misa iwe ya asili, ya tunda la mzabibu, isiyoharibika. Divai hiyo imefika kwetu na mapadre wa Roho Mtakatifu, Wafaransa, waliofungua Misheni mwaka 1868, na hata neno lenyewe tumelipata kwa Wafaransa. Hayo uliyajibu vizuri kuliko wote kwenye mafundisho. Nami nilikuwa nakutazama nikiwaza: mbona hiki anakibeba kwa heshima hivi na kile cha Baba hataki kukigusa? Mama aliumulia vitumbua kwa tembo lile lile. Vitumbua ulikula.

Sasa nikushauri kama dada yako. Mwambie binti yako ukweli angali mdogo. Mwambie babu yake alikuwa akilifunga karara, lile ganda la maua ya mnazi, kwa kamba kabla halijapasuka, analigongagonga siku kadhaa kwa upole kama mtu anayembembeleza mtoto, kisha anakata ncha kipande chembamba kama ukucha, asubuhi na jioni, kila siku, maana ukiacha siku mbili jeraha linakauka na karara limekufa. Hakuna Krismasi wala Idi. Mwambie hakwenda kumzika dada yake Tanga akalala, alikwenda na kurudi siku hiyo hiyo kwa sababu ya makarara kumi na sita, na ada yako ilikuwa inatakiwa Jumatatu. Ukimficha hilo, atakuja kulisikia kwa mwingine. Mimi sitamficha akiniuliza. Wala sijutii kumwambia pale garini kwamba babu yake ni mgema, ingawa wifi alisema uligomba usiku ule. Ningemwambia nini? Mtoto ameuliza.

Na kuna jambo ambalo hulijui. Nililiweka nisikuumize, lakini umenifikisha hapa.

Kule chini, kabla hajatumiminia, nilimrekodia Baba sauti nikamtumia. "Baba, kuna mzee hapa anafanya kazi yako!" Nilikuwa na furaha kama mtoto. Kwa hiyo niliporudi Juni, nilimkuta barazani ananisubiri, kavaa shati la kanisani siku ya Jumatano. Hata mizigo haijashushwa, akaniuliza: "Yule Mfaransa alisemaje aliposikia habari zangu?"

Nikamdanganya. Nilimwambia mdogo wangu alimweleza kila kitu, alikusifu mno Baba, na yule mzee amesema siku moja angependa kuonja tembo lako. Baba hakusema kitu. Akajifuta uso kwa kiganja, akaniuliza tena: "Mwanangu ndiye aliyemweleza?" Nikasema ndiyo.

Basi mtaa mzima ulisikia. Kila aliyekuja kunywa aliambiwa kwamba mwanawe aliyeko Ulaya amemtangaza kwa Wafaransa. Ndiyo maana alikupigia simu wiki ile na kukwambia "ahsante baba," nawe ukaniuliza Mzee anashukuru nini, nikakwambia labda zile hela. Kama nilikosa kumdanganya, nilikosa kwa ajili yako. Ningemwambia kweli, angekufa anajua. Wewe ungependa afe anajua? Na baada ya hapo nikae nimsikilize msomaji anasoma "mkulima" mbele ya watu wale wale aliowaambia? Mimi ndiye niliyekuwa hapa. Mimi ndiye niliyemwogesha siku zake za mwisho, nikaona nyayo zake zilivyochongoka kwa kupanda, ngozi ya pale katikati ngumu kama gome.

Wiki ile ile alichagua kibuyu kipya, kile kizuri chenye shingo ndefu alichokuwa amekikausha darini. Akakisuka mkanda wa ukindu, akakitundika kwenye msumari wa mlangoni, peke yake. Nilipomuuliza alisema ni cha mgeni, yule Mfaransa, siku akija na mwanangu asinywe kwenye vya watu. Hakukitia tembo hata mara moja.

Minazi sasa anagema kijana mmoja wa Kaole, mkono mzuri. Juzi kibuyu chake kilipasuka, akaniomba hicho. Nikamnunulia kingine.