Mdogo wangu, imba kwa lugha unayoiotea ndoto

Mdogo wangu mpenzi,

Juzi kwenye simu ulinyamaza kidogo, kisha ukaniambia umechoka kuimba Kiingereza na midundo ya klabu, ila unaogopa waliokuzoea watakukimbia. Sikuwa na jibu. Tangu siku ile namuwaza Ivana Spagna.

Ni mwimbaji Mwitaliano, mzaliwa wa Borghetto, kule upande wa Verona. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sauti yake ilikuwemo kwenye nyimbo za disko za kundi la Fun Fun, huku jukwaani wakionekana wasichana wengine, wakifuatisha kwa midomo tu. Hebu fikiria, mdogo wangu: pumzi ni yako, makofi anapigiwa mwenzio. Hilo huniuma kila nikilikumbuka.

Mwaka 1986 akajitokeza mwenyewe na "Easy Lady", nywele za dhahabu zimesimama wima kichwani. Mwaka uliofuata "Call Me" ikafika namba 2 Uingereza. Kiingereza kitupu, dansi tupu. Angeweza kubaki hapo hapo, na nani angemlaumu?

Lakini 1994 aliimba "Il cerchio della vita", wimbo wa kufungulia filamu ya The Lion King kwa Kiitaliano. Ndiyo, filamu ile ya Simba, Rafiki na hakuna matata! Maneno yetu ya nyumbani yamo humo humo alimorudia lugha ya mama yake. Usiku wa jana nimeusikiliza mara tatu, taa nimezima. Sauti iliyozoea kukimbizana na ngoma za mashine inaanza chini, haina haraka, halafu inapanda na kukaa juu. Mara ya tatu nililia.

Februari 1995 akapanda jukwaa la Sanremo, shindano ambalo Italia nzima hulikalia mbele ya televisheni, na wimbo wa taratibu, "Gente come noi", yaani watu kama sisi. Giorgia ndiye aliyeshinda; Spagna akashika nafasi ya tatu. Waliomjua kwa dansi wakamsikia upya, safari hii wakielewa kila neno.

Jumamosi nakuja na ile spika ndogo. Kile kibwagizo ulichomtungia bibi ukakiachia njiani, kitafute. Nataka kukisikia hivyo hivyo, hata kama hakijaisha.

Dada yako.