Silikoni juu ya kutu haizuii maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenye magari ya zamani wa huku kwetu Kusini, hasa sisi tunaoishi karibu na bahari, na mafundi wetu pia, kuhusu maji yanayovuja kuzunguka kioo cha mbele.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Mikindani. Nina Toyota Carina ya mwaka 1998. Nyumba yangu inatazama ghuba, na miezi ya kusi upepo huleta chumvi mpaka kwenye nondo za madirisha. Miaka minne iliyopita jiwe lilipasua kioo cha mbele nikiwa njiani kwenda Masasi. Fundi aliyeniwekea kingine alikwangua gundi ya zamani kwa kisu mpaka chuma kikang'aa, akapaka gundi mpya palepale bila kurudishia rangi. Simtaji, maana hakunikusudia ubaya. Lakini pale kisu kilipoondoa rangi ndipo kutu ilipoanzia, chini ya gundi, jicho lisikofika.

Mvua za mwaka uliofuata, kapeti la upande wa abiria likaloa. Nikamgombeza mjukuu wangu bure, nikidhani amemwaga chupa yake ya maji. Ukaja uvundo, vioo vikawa vinashika ukungu kila asubuhi. Kisha jioni moja, njia panda ya Mnazi Mmoja, taa za kuashiria zikakata. Maji yalikuwa yamefuata waya nyuma ya dashibodi hadi kwenye kisanduku cha fyuzi. Nilitoa mkono dirishani kuonyesha ninakokata, giza linaingia, na malori nyuma yangu. Niliogopa sana.

Mara tatu nilikwenda gereji, mara tatu nikapakiwa silikoni kuzunguka kioo kwa nje. Kila mara maji yalikoma wiki mbili tatu, yakarudi. Hapo ndipo penye uchungu wangu. Silikoni ile ya madirisha na masinki, yenye harufu ya siki, inapokauka hutoa asidi ya asetiki, na asidi hiyo huichochea kutu. Tena inaufungia unyevu ndani. Kila nilipolipa, chuma kilizidi kuliwa.

Aliyeniambia ukweli ni fundi bodi mmoja wa Mtwara mjini. Alimkalisha kijana wake ndani na tochi, yeye akamwaga maji kwa mpira kwa nje, taratibu, akianzia chini ya kioo na kupanda juu. Kijana akapiga kelele: kona ya kushoto, chini. Fundi akaniambia, "Mwalimu, hili halizibwi kwa nje. Kioo lazima kitoke."

Kilitolewa kwa waya mwembamba, mtu mmoja ndani na mmoja nje wakivutana kama wanaokata msumeno. Chini yake chuma kilikuwa kimeachana tabaka tabaka kama chapati, na kwenye kona tundu la kuingia kidole. Mfereji wa chini ya wipa ulikuwa umejaa majani ya mwembe ninaoegesha chini yake, yameoza na kuziba njia ya maji. Hilo lilikuwa kosa langu.

Alifungua betri, akafunika dashibodi kwa magunia mabichi, akakata sehemu iliyooza na kuchomelea bati jipya. Hakuficha tundu kwa puti, ule udongo wa kuzibia mabonde ya bodi. Akasugua kutu yote kwa grainda na brashi ya waya, akapaka praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza ya kukinga chuma, kisha rangi yenyewe, na akakataa kurudisha kioo kabla rangi haijakauka sawasawa. Nilikaa siku tatu bila gari. Gundi yenyewe, ile ya urethani iliyotengenezwa kwa vioo vya magari, niliiagiza Dar es Salaam ikaja kwa basi, kwa sababu kila duka nililoingia hapa lilinipa silikoni.

Kwa hiyo nina maombi. Wenye maduka ya vipuri, tuleteeni gundi ya vioo, na mtuonyeshe tarehe ya kuisha muda wake, maana iliyopitwa na wakati haishiki. Chuo cha ufundi stadi cha VETA Mtwara kingetufaa sana kikiandaa mafunzo mafupi ya Jumamosi kwa mafundi walio tayari kazini, kuhusu vioo na kutu ya fremu. Wengi wana mikono mizuri, ila kazi hii hakuna aliyewafundisha. Na ninyi mafundi, mteja akiomba apakwe tu silikoni, mkatalieni kwa heshima, mumweleze. Kioo cha mbele si pazia la kuzuia upepo. Gari likipinduka, kioo kilichoshikamana vyema husaidia paa lisibonyee, na katika magari mengi mfuko wa hewa wa abiria hukiegemea unapofumuka. Kilichobandikwa juu ya kutu kinaweza kung'oka.

Kwa wenzangu wenye magari: mvua zetu hazijaanza. Fungueni mpira wa maji Jumapili moja, mtu akae ndani na tochi, na muinue kapeti mguse chini yake kwa kiganja. Langu sasa limepita msimu mzima wa mvua, na chini ya kapeti ni pakavu.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Mikindani, Mtwara